Kwa Ujanja, Kwa Hila

Kiswahili hakina neno moja la kutafsiri kielezi cha Kiingereza "cunningly". Kina mengi, na hapo ndipo shida inapoanza. Unaweza kusema kwa ujanja, kwa werevu, kwa hila, kwa ulaghai. Ukiwa huku kwetu Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, unaweza hata kusema "kikora" na kila mtu kwenye steji ya boda atakuelewa. Mwingereza akisema fulani alifanya jambo "cunningly", anakuachia ujiamulie kama utamsifu huyo fulani au utamlaani. Kiswahili hakikuachii hiyo nafasi. Kabla hujafika mwisho wa sentensi, umeshachagua upande.

Nalijua hili kwa sababu unga wangu unatoka kwenye tafsiri. Nafanya kazi za mtandaoni, hasa manukuu ya filamu. Mwaka jana nililetewa filamu fupi ya historia ya Kenya, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja kuhusu afisa wa Kiingereza aliyemuua kiongozi wa Wanandi "cunningly". Nalipwa kwa neno, kwa hiyo hilo lilikuwa la shilingi chache tu. Lilinikalisha siku mbili.

Hebu tuanze na jinsi tunavyoyatumia haya maneno kila siku. Ujanja ni sifa. Mama akisema mtoto wake ni mjanja, anatabasamu. Ukiambiwa "janjaruka", unashauriwa, hutukanwi. Jamaa wa boda anayeijua kila njia ya panya ya kukwepa foleni mjini ni mjanja, na abiria wake wanampenda kwa hilo. Lakini sijawahi kumsikia mtu akijisifu kwamba ana hila. Mtu wa hila ni wa kuepukwa. Hata akikusalimia unahesabu vidole vyako.

Huku kwetu tofauti hiyo si ya kamusi tu. Eldoret imekuwa ikipanuka miaka mingi, na tarehe 15 Agosti 2024 ilitunukiwa hadhi ya jiji. Mji ukipanuka, mashamba ya pembeni hukatwa ploti, na penye ploti hapakosi matapeli. Ndugu yangu mmoja aliwahi kulipia ploti ambayo baadaye ilijulikana kuwa tayari ina wenyewe wawili. Alipokuja kutusimulia, hakuanza na pesa wala karatasi. Jambo la kwanza alilosema ni, "Nilikunywa chai kwao." Akanyamaza. Wote sebuleni tulielewa kwamba anatuambia aina ya kosa, na kwamba hakuna atakayeliita ujanja.

Tuyaweke maneno hayo kando kidogo, tuangalie yalikotoka, kwa sababu yameporomoka njia moja. "Cunning" inatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, cunnan, maana yake kujua. Ni ndugu ya "can". Kwenye Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, mafundi stadi waliojenga hema la ibada jangwani wanaitwa cunning, na Daudi anaitwa hivyo kwa kupiga kinubi. Lilikuwa neno la heshima. Vijijini Uingereza kulikuwa na watu walioitwa "cunning men" na "cunning women": waganga wa kienyeji, waliotibu watu na mifugo, waliobashiri, waliosaidia kutafuta mali iliyoibwa. Wajuzi. Miaka ikaenda, na ule ujuzi ukaanza kunuka udanganyifu, mpaka leo neno lina sura ya mbweha.

Hila nayo ina safari yake. Ni neno la Kiarabu, na wingi wake ni hiyal. Katika karne ya 9 huko Baghdad, ndugu watatu walioitwa Banu Musa waliandika kitabu maarufu cha hiyal, na humo hamna utapeli wowote. Ni kitabu cha mitambo: chemchemi zinazobadilisha umbo la maji, taa zinazojirekebisha zenyewe, vyombo vya kumimina vinywaji kwa namna ya kushangaza. Hila ilikuwa akili iliyotiwa ndani ya kifaa. Lugha yetu ilipolipokea neno, ikashikilia ule upande wa giza. Hata werevu uko kwenye mteremko huo. Kuerevuka ni kufumbuka macho, lakini msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union, ya mwaka 1952, anakutana na mwerevu mkuu katika bustani ya Edeni, naye ni nyoka.

Ndiyo kusema watu wengi, katika lugha nyingi, wamewahi kuona kwamba akili inaweza kugeuka sumu. Swali langu lilikuwa inageuka wapi hasa. Na jibu sikulipata kwenye kamusi. Nililipata kwenye kisa chenyewe nilichokuwa natafsiri.

Koitalel arap Samoei alikuwa orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa mambo ya roho ambaye ushauri wake uliamua vita vipiganwe lini. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890, walipomlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wazee husimulia kwamba kabla ya kifo chake alitabiri ujio wa watu weupe na nyoka wa chuma atakayetoka ziwa moja hadi jingine akitema moshi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Waingereza katika maandishi yao walimwita orkoiyot "laibon", neno waliloliazima kwa Wamaasai, au "mchawi". Kiingereza chao cha kale kilikuwa na jina sahihi zaidi la kumpa mtu wa namna hiyo. Wangemwita "cunning man", mtu ajuaye.

Kwa miaka kumi hivi, kuanzia 1895, Wanandi waliwasumbua Waingereza. Hawakuwa na bunduki za kutosha, kwa hiyo walitumia akili. Walishambulia usiku. Nyaya za telegrafu ziligeuka vikuku na mapambo, na boliti za reli zikafuliwa kuwa silaha. Dola kubwa kuliko zote duniani ikawa haiwezi kutuma ujumbe kwa uhakika, kwa sababu ujumbe wenyewe ulikuwa umevaliwa mkononi na msichana kijijini. Huo, rafiki yangu, ulikuwa ujanja. Na nikiusimulia mahali popote Kenya, watu wanacheka.

Mwaka 1905 serikali ya ukoloni iliamua kuumaliza upinzani huo na kuandaa jeshi kubwa. Kabla kampeni haijaanza, afisa mmoja wa kikosi cha King's African Rifles, Kapteni Richard Meinertzhagen, kijana wa miaka 27, alipanga kukutana na Koitalel. Waliafikiana kuonana tarehe 19 Oktoba, karibu na kilima cha Ket Parak katika eneo la Nandi Hills, wazungumze. Koitalel alifika. Meinertzhagen alifika. Askari wengine wa Kiingereza walikuwa karibu, wakiwa tayari na silaha. Dakika chache baadaye Koitalel alikuwa amekufa, pamoja na wenzake kadhaa.

Hapa ndipo kielezi kinapogombaniwa. Meinertzhagen aliandika kwamba Koitalel ndiye aliyepanga kumuua yeye kwenye mkutano huo, na kwamba yeye aliwahi tu. Kwa maelezo hayo mwenye hila ni marehemu, na aliyepiga risasi ni mwerevu aliyejiokoa. Wanandi husimulia kwamba afisa alinyoosha mkono kumsalimia Koitalel, na Koitalel alipoupokea akapigwa risasi.

Nilimpigia simu nyanya yangu, kogo wangu, kumuuliza. Nilitaka neno.

"Kogo, huyo mzungu alimuua Koitalel kwa nini? Kwa ujanja ama kwa hila?"

"Ujanja gani, mjukuu wangu? Ujanja ni wa kupigana. Huyo hakupigana."

"Sasa alifanya nini?"

"Alisalimia."

Basi, kwake maelezo yalikuwa yamekwisha. Aliniuliza kama nimekula.

Serikali ya ukoloni nayo ilikuwa na njia yake ya kutafuta neno. Kulifanyika mabaraza ya uchunguzi, zaidi ya moja, na Meinertzhagen akasafishwa. Hata hivyo minong'ono haikuisha, na mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Wakati huo kampeni ilikuwa imeshafanya kazi yake: zaidi ya Wanandi 1,000 waliuawa, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, nyumba na maghala ya chakula vikachomwa. Kitabu chake cha kumbukumbu za Kenya kilichapishwa mwaka 1957, zaidi ya nusu karne baadaye, na kwa miaka mingi kilisomwa kama ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Koitalel hakuacha kitabu.

Kwa hiyo inafaa kujua shahidi wetu alikuwa mtu wa aina gani. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu wa ndege, mwenye jina kubwa. Mwaka 1954 mkusanyiko wake wa takribani ndege 20,000 waliokaushwa ulifika katika makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe huko London. Miaka ya 1990 watafiti walianza kuuchunguza upya, wakagundua kwamba ndege wengi walikuwa wameibwa kutoka mikusanyiko ya watu wengine, na vibandiko vyao kubadilishwa ili vionyeshe kwamba yeye ndiye aliyewakamata, mahali ambapo pengine ndege hao hawajawahi kuishi. Mmoja alikuwa bundi mdogo wa msituni wa India. Kwa kufuata kibandiko cha uongo, watu walikuwa wakimtafuta mahali pasipo pake. Mwaka 1997 mtafiti Pamela Rasmussen na wenzake walikipuuza kibandiko hicho, wakaenda kwenye maeneo yaliyotajwa na wakusanyaji wa kale, na wakamwona bundi huyo akiwa hai. Alikuwepo siku zote.

Najiuliza ni mambo mangapi ya huku kwetu yamewekewa kibandiko na mkono huo huo. Mwanahistoria hawezi kumfunga mtu kwa mauaji kwa sababu aliiba ndege. Lakini hakuna sababu tena ya kuuweka ushahidi wake juu na ule wa kogo wangu chini.

Tuseme hata hivyo tunampa haki yake yote. Vita ni vita, watasema, na vitani kila mtu hudanganya. Ni kweli. Meinertzhagen mwenyewe alipata umaarufu kwa kisa cha mwaka 1917 huko Palestina, ambapo mkoba wenye karatasi bandia ulidondoshwa makusudi ili jeshi la Waturuki liuokote na kuamini kwamba mashambulizi yatatokea kwingine. Siku hizi wapo waandishi wanaodai kwamba hata wazo hilo halikuwa lake. Lakini mbinu yenyewe hakuna anayeilaumu. Adui aliokota mkoba kwa tamaa ya kujua siri. Nani alimtuma?

Tofauti hii sikuibuni mimi. Imeandikwa kwenye sheria. Mwaka 1899 mataifa makubwa, Uingereza ikiwemo, yalikubaliana huko The Hague kuhusu kanuni za vita vya nchi kavu. Kifungu cha 24 kinaruhusu mbinu za kumghilibu adui. Kifungu cha 23 kinakataza kumuua au kumjeruhi mtu wa upande wa adui kwa usaliti. Vifungu viwili vinafuatana: hapa ujanja, pale hila, na mstari umepigwa katikati. Mkataba huo ulikuwa na miaka sita Koitalel alipouawa. Ila mkataba wenyewe ulisema unayabana mataifa yaliyoutia sahihi tu, yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Wanandi hawakualikwa The Hague. Waingereza walikuwa na kielezi sahihi kabisa, kimechapwa na kutiwa sahihi, lakini hakikuwahusu watu weusi wa Ket Parak.

Kwenye yale manukuu niliandika "kwa hila", nikatuma.

Tangu hapo naviona vielezi kila mahali katika historia ya ardhi hii. Mwaka mmoja kabla ya Ket Parak, 1904, Olonana na viongozi wenzake wa Wamaasai waliweka alama zao kwenye mkataba wa kuliachia Bonde la Ufa walowezi. Mkataba unasema waliamua kwa hiari yao, na kwamba maeneo waliyobakishiwa, Laikipia likiwemo, yatakuwa yao kwa muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Kufikia 1911 kulikuwa na mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913. Mahakama iliona kwamba mikataba hiyo ilikuwa kama ya nchi na nchi, hivyo haikuwa kazi yake kuiamua. Wamaasai walihesabiwa kuwa nchi siku ya kupoteza kesi tu. Neno "kwa hiari" lilibaki kwenye karatasi, na watu wakahamishwa.

Na kabla sijajiona mtakatifu: jina Uasin Gishu lenyewe ni la tawi moja la Wamaasai waliokuwa wakichunga kwenye uwanda huu. Karne ya 19 walivunjwa kwa vita, na babu zetu Wanandi walikuwa na mkono humo. Hawakuondoka kwa hiari. Mwaka 1908 Makaburu walifika hapa na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa mashamba, na mji ukaota kwenye Shamba Namba 64, ambalo wenyeji walilitamka Sisibo. Wazee wengine bado wanaiita Eldoret hivyo. Nyumba ninayoandikia haya iko juu ya tabaka hizo zote za ardhi, na kila tabaka lina kielezi chake kwenye karatasi fulani.

Ndiyo maana sipendi tunapoyachanganya haya maneno siku hizi, kana kwamba ni ladha mbili za soda moja. Mwanasiasa akiiba tunasema "huyo mjanja". Tapeli akimaliza akiba ya mtu tunasema huyo mtu alikuwa fala, angejanjaruka. Tunamsifu Sungura, tunasema ni utamaduni wetu. Lakini hebu zisikilize hadithi zenyewe, za Kiswahili au zile za Wanandi ambazo A. C. Hollis alizichapisha mwaka 1909, miaka minne tu baada ya Ket Parak. Sungura ni mdogo. Anaowashinda ni Tembo, Simba na Fisi, wenye nguvu au wenye ulafi. Fisi anaponaswa, mara nyingi ananaswa na tumbo lake mwenyewe. Abunuwasi naye anamcheza sultani na tajiri bahili, si mjane wa jirani.

Nilivyokuja kuelewa, ujanja unatumia tamaa ya mtu, kiburi chake, au usingizi wake. Hila inatumia imani yake. Ukimlaghai anayekulaghai, umecheza mchezo ambao nyote wawili mnaujua. Ukimlaghai aliyekuja kwa sababu ulimwambia njoo tuongee, aliyekunywa chai yako, aliyeupokea mkono wako, umekiharibu kitu kilichokuwa cha watu wengi zaidi yenu wawili. Baada ya Ket Parak, ni mzee gani wa Nandi angeenda kuzungumza na serikali bila kuukumbuka ule mkono? Mwaka 1923 serikali ilimkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Alikaa kizuizini hadi 1964, baada ya Kenya kupata uhuru. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha Wakipsigis wa ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiik, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Mkono mmoja ulinyooshwa asubuhi moja, na watu wakalipa kwa miongo.

Mwaka 2006 fimbo za Koitalel, ambazo Meinertzhagen aliondoka nazo, zilirudishwa Kenya kutoka kwa familia yake huko Uingereza. Kichwa chake, ambacho wazee husimulia kwamba kilikatwa na kupelekwa huko, hakijarudi. Makumbusho yake yako Nandi Hills. Kutoka Eldoret unapanda matatu ya Kapsabet, kisha unaunganisha, na njia nzima ni mahindi halafu chai. Ukifika, usikimbilie kupiga picha. Muulize mwenyeji yeyote akusimulie jinsi alivyokufa, na usikilize anaweka kielezi gani kabla ya neno "aliuawa".